Nyumba Saba, Tumbo Moja

Butembo, Mususa, Jumapili 12 Januari 2003

Binti yangu Katungu Josée,

Naomba radhi kwa ukimya wangu wa miezi mitatu. Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua isiyojibiwa ndani ya juma moja ni utovu wa adabu, kwa hiyo najua mwenyewe adhabu ninayostahili. Sababu ya kwanza ni barabara, kwa kuwa tangu Novemba madereva wengi wamekataa kushuka Beni. Sababu ya pili ni jicho langu la kushoto, ambalo sasa limepona. Sababu ya tatu ipo, lakini si ya haraka.

Sisi ni wazima. Mama yako Jokébed anakusalimu na anauliza kama huko kituoni kwenu wauguzi wanapewa siku ya kupumzika, au mnapumzika mkishakufa. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Kuhusu mwanao Nadège usiwe na wasiwasi. Unakumbuka jinsi alivyofika kwetu Februari ya mwaka jana ndani ya Fuso, lori la Esdras, malaria ikiwa imemla hadi kitenge kikamzunguka mara tatu. Shirika letu la Mtakatifu Anna, jumuiya yetu ya majirani, liliona haya kwamba mtoto wa mwanamke anayeponya watoto wa Beni aje kukonda mbele ya macho yetu. Likaazimia kwamba kila siku ya juma nyumba moja itamlisha akitoka shuleni. Jedwali nililichora mimi mwenyewe kwa rula: nyumba saba kwa siku saba, kuanzia kwa Mama Kasonia siku ya Jumatatu. Hadi leo hakuna nyumba iliyokosa zamu yake. Mtoto ameongezeka.

Atapokea Komunyo ya kwanza tarehe 27 Aprili, Dominika baada ya Pasaka. Uliapa kuishona gauni yake kwa mkono wako. Ndani ya bahasha hii kuna kamba tatu. Yenye fundo moja ni urefu, yenye mafundo mawili ni mabega, yenye mafundo matatu ni kiuno. Nimepima mwenyewe, na nimepima mara mbili. Ushone kwa kuzifuata.

Baba yako,
Zacharie Kahongya


Beni, 25 Januari 2003

Papa mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana hapa kukaa ni kwa wagonjwa. Watu wanaingia mjini kila siku kutoka upande wa Mambasa, kwa miguu, na watoto wao tunawapokea sisi. Tuna mkanda wa rangi tatu wa kuzungusha mkononi mwa mtoto kupima alivyokonda: kijani ni heri, njano ni tahadhari, nyekundu mnajua wenyewe. Tangu Noeli macho yangu yanatafuta kijani asubuhi hadi jioni. Basi nilipofika kwenye neno lako «ameongezeka», nilianza kuimba, mpaka mwenzangu akaniuliza kama vita imekwisha.

Kamba zimefika salama, ila ile ya kiuno imenichekesha. Nimejizungushia mimi mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na tatu, na ikanitosha. Papa, hapa kwetu Beni tunatembea na blauzi moja na bado jasho linatiririka, nikasahau kwamba ninyi huko juu mnaamka na baridi. Najua ulivyofanya. Ulimpima mtoto juu ya triko mbili, na huenda juu ya kile kitenge pia, kwa sababu mama aliogopa atashikwa na kikohozi. Mwalimu wa hesabu anapima sweta. Nimepunguza kiganja kizima na nimekwisha kukata kitambaa.

Kuna habari nyingine. Mume wangu Valère ametuma neno kutoka Kananga kwa redio ya mapadri, la kwanza tangu mwaka juzi. Bado hawezi kuvuka, nchi imekatwa na vita palepale ilipokatwa alipokwenda kuzika baba yake mwaka wa tisini na nane. Aliruhusiwa swali moja tu. Aliuliza: mtoto anakula? Nilimjibu: anakula.

Esdras anakuleteeni chupa mbili za mawese, karanga, sukari na kopo la maziwa ya unga, kama kila mwezi. Mhakikishe Nadège anamaliza. Ndiyo malezi ninayoweza kuyapakia kwenye lori. Nitumieni na picha.

Mtoto wako,
Josée


Butembo, Mususa, 16 Februari 2003

Binti yangu,

Vitu vyote vimefika, na kopo la maziwa halikubonyea. Kuhusu kamba sina la kuongeza.

Kuhusu picha, mpiga picha wa avenyu yetu anasema hana filamu.

Nadège amepata sabini na nane kwa mia katika mitihani ya nusu mwaka, naye ni wa tatu darasani. Amekuwa mtoto mtulivu sana. Wenzake wakitoka kuruka kamba, yeye huketi kwenye ngazi na kitabu. Mwalimu wake anasema akipanda kilima cha shule hupumua kwa nguvu, lakini kilima hicho ni kikali hata kwangu. Siku hizi Malachie, mwenye depo ya maharagwe, humpandisha kwa pikipiki yake bila kudai chochote. Siku ya Komunyo wasichana watacheza mbele ya altare. Masista wamemchagua Nadège asimame pembeni ashike mshumaa, na kusimama na mshumaa ni heshima pia.

Baba yako,
Zacharie Kahongya


Beni, 2 Machi 2003

Papa,

Sikulala vizuri. Nadège aliyetulia ni Nadège mgonjwa. Mtoto huyu alikuwa akikimbia hata akitumwa chumvi nyumba ya pili, na njiani anarudi mara mbili kwa sababu amesahau ametumwa nini. Sasa unaniambia anaketi kwenye ngazi, anahema kwenye kilima, anabebwa na pikipiki.

Mtazame ndani ya kope za macho, kama ni nyeupe. Mbonyeze mguu kwa kidole uone kama shimo linabaki. Huenda damu imepungua, huenda ni minyoo. Ndani ya kifurushi nimeweka vidonge vya minyoo; mama ampe asubuhi kabla hajala. Mwongezeni chakula chenye nguvu.

Gauni nayo imo. Nimeishona kwenye benchi la kituo, kati ya mtoto na mtoto, na ukosi nimeutarizi maua madogo. Ajaribu, mnijibu upesi.

Josée


Mususa, 15 Machi 2003

Mama,

Barua hii koko Zacharie haijui. Namupatia papa Esdras mu mukono. Koko akiiona atapiga mustari mwekundu kila fasi.

Robe ulishona ilifika. Ni muzuri sana, maua ni muzuri sana. Haikuingia. Koko Jokébed alivuta, Mama Kasonia alivuta, miye nilifunga pumuzi. Kifungo moja iliruka ikapiga sufuria, tii. Batu bote walicheka. Na miye nilicheka, kiisha nilienda kulia nyuma ya nyumba.

Dawa nilimeza. Koko aliangalia siku tatu kama minyoo itatoka. Hakuna. Mama, miye siko na minyoo. Ni chakula.

Sikia. Asubui nakula kwa koko. Saa sita nikitoka ku masomo nakula kwa nyumba ya zamu. Lakini kufika kwa nyumba ya zamu napita mbele ya ingine mbili, na bale hawawezi kuacha mutoto apite. Mama Kasonia, hata kama si Jumatatu, anaita: «Weye mutoto wa Beni, uko unakimbia sahani yangu?» Nikisema nimeshiba, anauliza kama chakula yake iko na uchawi. Sasa nakula. Magaribi kwa koko wananiwekea tena, juu koko anasema mutoto wa nyumba hawezi kulala na chakula ya majirani tu. Kiisha iko maziwa yako na sukari.

Ku masomo wananiita Fuso. Sikasirike sana, Fuso iko na nguvu. Lakini sitaki kusimama na mushumaa. Nataka kucheza. Hatua zote nazijua, nazichezaka mu kichwa.

Na kitu ingine. Nikiuliza mama atakuya lini, koko anasema: kula kwanza, kiisha tutaongea. Nakula. Hatuongeake.

Miye wako,
Nadège


Beni, 18 Machi 2003

Papa,

Ninaandika kwa heshima na kwa hasira, na ninakuomba uzipokee zote mbili.

Ile kamba ya mafundo matatu haikupimwa juu ya triko. Ulipima vizuri, kama unavyopima kila kitu, ukaona, kisha ukaacha kamba iseme badala yako. Nami nilipoiona nikaikata kwa makasi nikifurahi. Sababu yako ya tatu ya kunyamaza sasa naijua.

Usimwadhibu Nadège kwa kuniandikia. Usimwadhibu na Esdras.

Mimi nina watoto mia na kumi ninaowatafutia gramu, gramu moja moja, na wangu mwenyewe amejazwa hadi hawezi kupanda kilima. Na nani alimjaza? Ninyi, na nyumba saba, na mimi kwa mawese yangu ya kila mwezi. Nilimwandikia baba yake kwamba anakula, nikadhani nimekwisha kujibu kila kitu.

Sasa naomba haya. Mpime uzito, na uniandikie kilo kama zilivyo. Kituo cha jirani kina mizani ya watoto wachanga tu, kwa hiyo nenda kwenye depo ya Malachie. Msimfungie chakula, maana yeye hana kosa na njaa si dawa. Mtoto anayekua asikonde kwa ghafla. Ale nyumbani kwenu, sahani moja ya saizi yake, maharagwe, mboga, viazi, bila sukari, na asilazimishwe kumaliza. Mawese sitatuma tena. Apande kilima kwa miguu yake, polepole, na mtu mzima amsindikize. Na asiwepo wa kumcheka.

Mimi ndiye mama yake. Kama hili haliwezekani Mususa kwa kuogopa macho ya majirani, nitapanda lori la kwanza nije kumchukua, barabara iwe vyovyote itakavyokuwa, akae nami hapa Beni. Unajua hapa pakoje. Usinifikishe huko.

Josée


Mususa, 23 Machi 2003

Josée,

Kilo arobaini na sita.

Ana miaka tisa. Nimeona haya. Hayo mengine nitakuandikia nikishayafanya, si kabla.

Z. Kahongya


Beni, 29 Machi 2003

Papa,

Asante kwa kilo. Ni barua yako ya kwanza mwaka huu ambayo niliielewa yote.

Josée


Butembo, Mususa, 30 Aprili 2003

Binti yangu Katungu Josée,

Sasa ninaandika, na ninaandika kwa urefu, kwa sababu nina ya kusema.

Nianze na mizani. Tulikwenda kwa Malachie Jumamosi saa nne asubuhi, nikidhani watu watakuwa wachache. Ilikuwa siku ya malori ya Musienene kushusha maharagwe, na wabeba mizigo walikuwa wamejaa. Mmoja akaniuliza: «Mwalimu, leo unauzisha mutoto?» Wa pili akasema: «Hii si maharagi ya Musienene, hii ni ile ya Beni, ya mafuta.» Nilikuwa nafungua kinywa ili niwakemee, lakini mjukuu wangu alinitangulia. Alisimama juu ya bati la mizani, akajishika kiuno, akawaambia: «Maharagi haijui kusoma. Miye nasoma, na wewe namba za hii mizani unazijua?» Wenzake walimcheka yule kijana hadi akaenda kujificha nyuma ya magunia.

Kisha Nadège akamwambia Malachie: «Na weye panda, papa Malachie.» Malachie alipanda: mia na nane. «Na koko.» Nilipanda. Josée, mimi baba yako nina kilo hamsini na mbili na viatu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amepungukiwa na kilo sita tu kunifikia. Nilishuka, nikaziandika namba zote tatu kwenye daftari. Malachie akasema: «Mwalimu, hii pikipiki yangu, tuiache ipumzike.»

Kesho yake, Jumapili, niliitisha shirika baada ya Misa. Nilisimama na jedwali langu mkononi, nikaiomba kila nyumba itamke wazi inampa mtoto nini, na siku zipi. Kila nyumba ilidhani yenyewe ndiyo inayomlisha kweli, na kwamba nyingine sita zinamwonjesha tu. Mama Kasonia akasema: «Lakini alikuwa anafika na macho ya njaa.» Yule wa Jumanne akamjibu: «Macho ya njaa aliyapata wapi, na ametoka kwangu na bugali mbili na sombe ya majani ya muhogo?» «Basi sombe yako haikuwa na chumvi.» Niligonga meza. Hakuna aliyenisikia kwa muda wa dakika tano hivi.

Walipotulia, nikaona ugumu wenyewe. Hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuacha. Mama Kasonia alisema waziwazi: «Nikifunga mulango yangu Jumatatu, Jumanne batasema Kasonia ni muchoyo, na mutoto ni mugeni.» Mtoto huyu alikuwa ameishi nasi mwaka mzima na zaidi, na bado kwa sahani alikuwa mgeni. Hilo kosa ni langu, kwa kuwa jedwali ni langu. Mgeni hulishwa. Mtoto wa nyumbani hutumwa.

Mama yako ndiye aliyetutoa hapo. Alichukua jedwali mkononi mwangu, akasema majina yabaki na siku zibaki, ila sahani itoke. Kila nyumba siku yake imtume. Jumatatu anakwenda kuteka maji chemchemini pamoja na Mama Kasonia, mtungi mdogo. Jumanne anasukuma toroli ya matofali. Jumatano mimi na yeye tunapanda shambani kuelekea barabara ya Musienene kupalilia viazi, naye hunisubiri njiani, si mimi ninayemsubiri. Alhamisi kuna nyumba yenye binti watatu wanaocheza. Huko kazi yake ni kucheza. Chakula ni kwetu tu. Mwanzoni Mama Kasonia alikuwa akimpa ndizi kwa siri pale chemchemini. Nadège alimwambia: «Mama Kasonia, nitumikishe, usinilishe.» Leo maneno hayo yanasemwa avenyu nzima, hata na wanaume wakiitwa na wake zao.

Si kila siku ilikwenda hivyo. Juma la pili alilia mezani, akasema tunamnyima. Mama yako alitaka kumwongezea, nami nilitaka pia. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulijua, na ninalokuandikia kwa shida. Hakuwa akilia njaa. Alikuwa ameuliza juu yako dakika chache kabla, nami nikamjibu kwa mazoea: «Kula kwanza.» Mwaka mzima na zaidi nilimjibu hivyo, kwa sababu sikujua utakuja lini, na mwalimu hapendi kusema sijui. Mkate niliujua. Viazi nilivijua. Siku hiyo nilisogeza sahani kando, nikamwambia: «Sijui mama yako atakuja lini. Hata yeye hajui.» Akasema: «Basi tulikuwa hatujui sisi bote.» Akaacha kulia. Sahani aliirudia baadaye, akala nusu, akaenda zake.

Sasa Komunyo. Gauni fundi aliifumua kando kwa kando, akaingiza vipande viwili vya kitambaa cheupe kutoka shuka ya arusi ya mama yako. Maua yako ya ukosi hayakuguswa. Sitaki uamini kwamba mtoto amekuwa mwembamba, kwa kuwa nimeapa kukuandikia kilo kama zilivyo: ni arobaini na tano kamili. Lakini anapanda kilima cha shule akisimama mara moja tu, na pale anaposimama husema anatazama mji.

Ijumaa kabla ya siku yenyewe alikwenda peke yake kwa masista. Sikumsindikiza, wala sikujua. Aliwaambia kwamba mshumaa unaweza kusimama kwenye kinara bila mtu. Sista alicheka, akamwambia acheze aone. Alicheza.

Dominika walitoka wasichana kumi na wawili mbele ya altare, wa kumi na mbili ni wetu. Josée, nilikuwa nimekaa nikiogopa atachoka katikati, watu watacheka, nami sitajua pa kuweka uso. Alikuwa na bega linalojua ngoma kuliko hao wengine wote. Alipofika karibu na benchi letu alikuwa anahema na jasho linamtoka, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba. Mama Kasonia alipiga vigelegele ndani ya kanisa, kisha wabeba mizigo wa Malachie wakapiga makofi huko nyuma. Padri hakuwakataza. Nami nilipiga makofi. Wewe unanijua: kanisani sipigi makofi.

Picha imo ndani ya bahasha. Filamu ilikuwapo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki apigwe picha. Mtazame mwenyewe, usiulize mtu mwingine.

Lipo la mwisho. Nasikia kituo cha afya cha Musienene kinatafuta muuguzi, na kwamba jina lako limetajwa. Nasikia pia kwamba barabara imetulia kidogo na unaweza kumrudisha mtoto Beni. Zamani ningekuandikia la kufanya. Mimi ni babu yake, nilipewa nimtunze, nikamtunza kwa kijiko. Uamuzi wa kuishi naye wapi ni wako. Jedwali hilo silichori.

Baba yako,
Zacharie Kahongya


Beni, 11 Mei 2003

Mwanangu Nadège,

Hii barua ni yako. Koko yako ataisoma baada yako, ukimruhusu.

Nimeona picha. Nimeiweka ukutani juu ya mizani yetu, na kina mama wanaoleta watoto wananiuliza huyu ni nani mwenye bega hilo. Ninasema ni binti yangu, anacheza Mususa. Mama mmoja aliyetoka mbali kwa miguu, mwanawe mkanda umemwonyesha nyekundu, aliitazama sana, akaniuliza: «Wa kwangu naye atafika pale?» Nilimwambia atafika, lakini si kwa siku moja, na asipite kiasi. Tulicheka pamoja. Wiki hii mtoto wake amefika njano.

Sasa nikuambie ukweli, kwa sababu watu wakubwa tulikunyima ukweli tukakupa mambo mengine.

Ulikuwa unauliza nitakuja lini. Nilikuwa siji kwa sababu barabara ilikuwa mbaya, ndiyo. Lakini hata siku barabara ilipokuwa nzuri sikuja, kwa sababu hapa kuna watoto wengi na wauguzi ni wachache, na kila asubuhi nilijiambia kwamba wewe una koko, una nyumba saba, huna shida. Nilituma mawese nikaona nimekuja. Hilo ni kosa langu, si la koko. Papa yako Valère nimemtumia neno jipya kwa redio. Safari hii sikusema unakula. Nilisema unacheza, na unamuulizia.

Nina njia mbili. Naweza kuhamia Musienene mwezi wa Julai, nifanye kazi kule, na wewe uishi nami. Tutakuwa tunashuka Mususa siku za soko. Au naweza kubaki hapa, nije kukuchukua, uishi nami Beni, kwenye joto, katika nyumba yenye chumba kimoja, na siku nyingine tukisikia risasi tutalala chini ya kitanda. Nikienda Musienene, hawa watoto wa kituoni wataachiwa mwenzangu peke yake. Nikibaki, wewe utaacha chemchemi, na toroli, na wale binti watatu wa Alhamisi. Sijui bado. Nikikuambia kwamba najua, nitakuwa nimekudanganya.

Jumamosi ijayo Esdras anapanda na Fuso yake, na mimi nitakuwa ndani. Nitakaa siku tatu. Jumapili baada ya Misa, mimi na wewe tutatembea kwa miguu kuelekea Musienene, hatua utakazozichagua wewe, tukaone hicho kituo na ile nyumba wanayosema. Ukichoka tutaketi. Nami nitachoka, sina mazoezi. Njiani utaniambia unachotaka, chote, hata kama kitaniuma, nami nitasikiliza hadi mwisho kabla sijajibu.

Mwambie Mama Kasonia asipike kwa ajili yangu. Najua atapika. Mwambie hivyo hivyo.

Nikirudi Beni nitafikiri siku chache, kwa sababu jambo hili ni la maisha yako na sitaki kuliamulia ndani ya lori. Kisha nitaandika. Siku nitakayoamua, bahasha itakuwa na jina lako juu yake, na utaifungua wewe mwenyewe, mbele ya koko na mbele ya nyumba zote saba.

Mama yako,
Josée